Kijiti Aliyepoteza Mguu

Nakumbuka siku moja niliyomwogesha ng'ombe maji matupu, kisha nikajisifu moyoni kwamba nimeerevuka. Mwanangu, ukiona kijana anajisifu peke yake mahali ambapo hakuna anayemwona, jua kuna mtu atakayelia. Mara nyingi si yeye.

Kwetu ni Mella, upande wa Tororo, si mbali na mpaka wa Malaba. Sisi ni Waiteso, watu wa mtama na mihogo. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na akili zangu zote zilikuwa kwenye baiskeli. Siku hizo boda boda hazikuwa pikipiki hizi zinazotutimulia vumbi. Zilikuwa baiskeli zenye kiti cha nyuma kilichoshonewa sponji, na kijana mwenye miguu mizuri alivusha abiria kutoka Uganda hadi Kenya kabla jasho halijamfika kidevuni. Mimi nilikuwa na miguu mizuri. Usinitazame hivi leo, na hili goti linalotabiri mvua.

Sasa, baba alikuwa na ng'ombe mmoja wa gredi, chotara wa maziwa mengi, mweupe mwenye mabaka meusi, tuliyemwita Madamu kwa sababu hakupenda kukanyaga matope. Nyumba nzima ilimtegemea Madamu kwa maziwa. Hakutoka kwenda malishoni. Alikatiwa majani ya nepia na kuletewa horini kama mgonjwa wa heshima. Kazi ya kukata majani ilikuwa ya shemeji yangu Ajiambo, mke wa kaka yangu Opolot. Kazi ya kumpulizia dawa ya kupe ilikuwa yangu, kila Jumatano na kila Jumamosi.

Na Jumatano na Jumamosi, mwanangu, ndizo siku ambazo Malaba ilijaa abiria. Ningefanyaje? Ningeweza kuamka mapema, ndivyo ningefanya. Lakini kijana akitaka kukosea hakosi sababu. Kuchanganya dawa, kujaza bomba, kupulizia masikio, makwapa, chini ya mkia, yote hayo yalinila asubuhi nzima. Basi nikawa nachota ndoo mbili za maji kisimani, nammwagia Madamu mgongoni mpaka analowa, nalitia bomba maji hayo hayo na kuliweka mahali mama atakapoliona, halafu huyo! Nimeshapanda baiskeli. Mama akipita anamwona ng'ombe amelowa, anasema ahsante Mungu, mtoto amekuwa mtu. Nilifanya hivyo mwezi mzima.

Ngoja nikueleze habari za Ajiambo, maana yeye ndiye mwenye hadithi hii. Alikuwa Msamia kutoka Masafu, kule Busia. Kiteso hakukijua, nasi Kisamia hatukukijua, kwa hiyo nyumbani kwetu tulizungumza naye Kiswahili hiki chetu cha mpakani kinachotembea bila viatu. Alikuwa na watoto wawili, Akiru wa miaka minne na mdogo wa kunyonya. Mcheshi, mchapakazi, na alikuwa na tabia moja iliyowashangaza watu: hakuwaua vijiti.

Vijiti ni wadudu. Sijui kama wewe wa siku hizi umewahi kumwona mmoja, maana unatazama simu. Ni mdudu mwembamba, mrefu, wa rangi ya ukuni au ya jani bichi, miguu yake kama vikonyo. Mchana hutulia juu ya tawi na huwezi kumwona hata akiwa mbele ya pua yako. Upepo ukivuma, tawi likayumba, naye anayumba vilevile, kushoto, kulia, ili asijulikane. Giza likianza kuingia ndipo anapotembea na kula majani yake. Hana meno ya kukuuma, hana mwiba, hana sumu ya kumdhuru mtu kwetu huku. Silaha yake ni kutulia tu.

Lakini nyumbani kwetu walisema ng'ombe akimeza kijiti, hafiki wiki ya pili. Kwa hiyo palikuwa na desturi. Mwanamke akitoka kukata majani, hafiki horini na mzigo wake hivi hivi. Anasimama kwenye ua, anaukung'uta mara tatu kwa nguvu, na kijiti akianguka anapondwa kwa kisigino. Ajiambo aliukung'uta mzigo, tena mara tatu kamili. Ila kijiti akianguka, yeye alimwokota kwa upole, akamwacha apande mkononi mwake hadi kwenye kiwiko, huku Akiru akicheka, kisha akampeleka kwenye mpera ulio nyuma ya jiko. "Hii kitu hana kosa," alikuwa akisema. "Sisi kwetu watoto wanacheza naye." Majirani walimwona. Watu wa kijiji, mwanangu, wanaona yote isipokuwa yale ya kwao.

Basi Madamu akaugua. Alianza kwa kuacha kula. Kisha homa, machozi, tezi zikamvimba chini ya masikio kama mayai ya kuku, pumzi ikawa ya kukwaruza. Daktari wa mifugo hatukumpata kwa wakati. Alikuwa vijiji vya mbali na barabara ilikuwa imekatika kwa mvua. Siku ya sita tulimkuta amelala, povu puani, amekwisha. Mama alikaa chini pale pale kwenye samadi akalia kama amefiwa na mtu. Na ndani ya hori, juu ya majani ambayo Madamu hakuyagusa, kijiti mmoja alikuwa anatembea polepole.

Jirani yetu mmoja ndiye aliyemwona kwanza. Akapiga ukelele. "Si tulisema! Si tulisema huyu Msamia anafuga hawa wadudu!" Lisemwalo lipo, wakasema, na kama halipo laja. Kufikia saa nne asubuhi kijiji kizima kilijua kwamba Ajiambo amemuua Madamu. Kufikia saa nane walishajua na sababu: eti hakutaka mama mkwe awe na cha kujivunia. Watu wakishapata mkosaji, sababu hawakosi.

Nami nilikuwa wapi? Nilikuwa nimesimama pale pale, nimeegemea nguzo ya banda. Nilijua. Nilikuwa nimewaona kupe masikioni mwa Madamu, wamenona, wamejazana kama njugu kwenye sufuria. Kikulacho ki nguoni mwako, na kilichomla Madamu kilikuwa masikioni mwake kwa uzembe wangu. Nikafungua mdomo. Nikaufunga.

Baba alikuwa mtu wa maneno machache, na machache hayo hayakurudi nyuma. Alisema Ajiambo atarudishwa kwao. Baba yake aitwe kutoka Masafu, aje Jumapili baada ya kanisa amchukue binti yake mbele ya wazee. Na watoto? Watoto ni wa ukoo. Akiru atabaki. Yule wa kunyonya ataenda na mama yake mpaka aache ziwa, kisha ataletwa. Kaka yangu Opolot alilia, lakini alilia kimya, kwa maana shamba alilolima lilikuwa la baba na nyumba aliyolala ilikuwa ya baba.

Ajiambo hakupiga kelele. Alimwambia baba mara moja tu, amepiga magoti: "Baba, mimi nilikung'uta majani. Mara tatu. Huyo wadudu haiwezi kuua ng'ombe." Baba akageuza uso. Tangu Alhamisi hadi Jumamosi Ajiambo alifua nguo za watoto, akazikunja, akazigawa mafungu mawili.

Jumamosi hiyo nyanya yangu, mama yake baba, alirudi. Alikuwa kwa shangazi yangu Malaba kwa mwezi mzima, na habari za msiba wa ng'ombe zilimfuata huko. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, lakini pua yake ilikuwa nzima, na vidole vyake vilikuwa na akili kuliko macho ya wengine. Hakuingia hata nyumbani. Alikwenda bandani, akaomba aletewe ngozi ya Madamu iliyokuwa imewambwa ukutani ikauke. Akaishika sehemu ya masikio. Akaipapasa. Akainusa. Kisha akaomba bomba la dawa, akalifungua, akatia kidole, akanusa tena.

Akaniita. "Mjukuu wangu, nishike mkono, nipeleke jikoni."

Hatukufika jikoni. Alisimama kwenye mpera. "Nitafutie kijiti mmoja," akasema. "Ajiambo aliwahi kuniambia wako hapa." Nikatafuta. Niliangalia tawi moja muda mrefu nikidhani ni tawi, kumbe sehemu yake ilikuwa inanitazama. Alikuwa kijiti mdogo, hajakomaa. Nikamshika kwa haraka, kwa mguu, jinsi kijana anavyoshika vitu. Yeye akauacha mguu vidoleni mwangu, akaanguka chini, akakakamaa kama mfu.

"Nyanya, nimemuua."

"Hujamuua. Anajifanya. Tulia uone."

Tukatulia. Baada ya muda kijiti akasogeza mguu mmoja, akasogeza mwingine, akaanza kupanda mpera na miguu yake mitano. Mguu wa sita nilikuwa bado nimeushika. Nyanya akauliza anafanya nini, nikamweleza. Akatikisa kichwa, akasema, "Upepo unavuma. Anayumba?" Nikasema ndiyo, anayumba na majani.

"Huyu hana mbio, hana meno, hana mbawa. Akionekana, ndege anamla. Kwa hiyo anajifanya mti, wala hakuna kiumbe kinachopata hasara kwa kutulia kwake. Sasa niambie, mjukuu wangu. Wewe una miguu miwili na baiskeli, una mdomo, una baba. Unajifanya mti kwa nini?"

Nilitaka kumuuliza ana maana gani. Hakunipa nafasi.

"Dawa ya kupe inashika pua wiki nzima," akasema. "Bomba lile linanuka kisima. Ngozi ya ng'ombe inanuka kisima. Na masikio yana matundu ya kupe hadi ndani. Ungekuwa umemuua ng'ombe tu, ningekukaripia tukala chakula. Lakini unataka kumla na mtoto wa watu."

"Nyanya, baba ataniua."

"Hatakuua. Atakuaibisha. Kuna tofauti, ingawa katika umri wako huioni." Kisha akanishika sikio, si kwa nguvu, akalipapasa kama alivyolipapasa lile la ngozi. "Mimi sitasema. Nikisema mimi, utakuwa umekamatwa. Ukisema wewe, utakuwa umesema. Kesho wazee watakaa."

Mwanangu, sikulala vizuri, na sina haja ya kukueleza zaidi. Kimya kingi kina mshindo mkubwa, na mshindo wenyewe nilikuwa nausikia kifuani.

Jumapili baba yake Ajiambo alifika, mzee mrefu amevaa koti la kanisani, amekuja kwa basi la Busia na kisha kwa miguu. Wazee walikaa kwenye viti, wanawake kwenye mikeka. Sanduku la Ajiambo lilikuwa mlangoni. Akiru alikuwa amelikalia, anachezesha miguu, akidhani wanasafiri wote. Kumwona mtoto yule amekalia lile sanduku kulinivunja. Baba alikuwa ameanza kusema, "Sisi hatuna ugomvi na watu wa Masafu," nikasimama.

"Baba, mimi ndiye niliyemuua Madamu."

Baba akasema, "Rudia."

Nikarudia. Nikaeleza ndoo za maji, Jumatano na Jumamosi, abiria wa Malaba, kupe niliowaona nikanyamaza. Sauti yangu ilikuwa kama ya mbuzi. Mama akajifunika uso kwa leso. Yule jirani wa ukelele akakumbuka kwamba ana chungu motoni, akaondoka. Baba hakunipiga. Alinitazama kwa muda mrefu kama mtu anayejaribu kukumbuka jina langu, kisha akamgeukia yule mzee wa Masafu, akasimama, akavua kofia. Sikuwahi kumwona baba akivua kofia mbele ya mtu isipokuwa kanisani. Akasema, "Mzee mwenzangu, nimemkosea binti yako. Nakuomba msamaha mbele ya hawa." Na mimi niliyesababisha nikatamani ardhi inimeze, maana aibu ile ilikuwa yangu, na kichwa kilichoibeba kilikuwa cha mvi.

Mzee wa Masafu alimuuliza binti yake kama anataka kubaki. Ajiambo akasema anabaki kwa watoto wake na mume wake. Kisha akanigeukia mimi. Nilikuwa nimeshaandaa neno la samahani, ila hakulingoja.

"Shemeji," akasema, "jana nilikuwa nafundisha mtoto wangu kulala bila mimi. Hiyo utanirudishia na nini?"

Mpaka leo nina mvi na bado natafuta cha kumrudishia.

Baiskeli yangu ilikwenda kuuzwa, ndama akaja. Nilimpulizia dawa yule ndama hadi majirani wakasema nitamtoa rangi. Ajiambo alinipakulia chakula kama kawaida, sahani iliyojaa, kwa mikono miwili, kwa heshima zote. Lakini hakuniita shemeji. Hakuniita chochote. Wiki zikapita, mwezi ukapita, nami nikajua kwamba mtu anaweza kukusamehe mbele ya wazee na bado moyo wake ukabaki nyuma unatembea kwa miguu. Usimharakishe. Jeraha ni lake, na kalenda ni yake.

Nilipata mazoea ya kwenda kwenye mpera jioni, wakati kuku wanapanda kulala. Nilimtafuta kijiti wa miguu mitano. Siku nyingine nilimpata, siku nyingine sikumpata. Nikaanza kuwajua. Niliona mmoja ananing'inia kichwa chini anajivua ngozi yake kuukuu, anatoka humo laini na mrefu zaidi, kisha anaigeukia ile ngozi na kuila, hataki kupoteza kitu. Niliona mayai yao, wanayaangusha chini moja moja kama mbegu, na sisimizi wanayabeba kwenda nayo mashimoni kwao. Hapo nilikaa siku nyingi nikifikiri kwamba hata sisimizi wanaweza kukosea wakambeba mtoto wa mwenzao wakidhani ni chakula, na mtoto akatoka salama.

Jioni moja niko jikoni napasua kuni, nikasikia, "Shemeji, njoo."

Niliangusha shoka. Ajiambo alikuwa kwenye mpera, mtoto mgongoni, Akiru kando yake. Alikuwa ameshika tawi kwa ncha za vidole. "Huyu si wako?" akasema. "Angalia."

Alikuwa ni yeye. Amekuwa mkubwa, amejivua tena. Na pale mahali pa mguu niliomkata, palikuwa na mguu. Mdogo, mwembamba, mfupi kuliko mingine, wa kuchekesha hasa. Lakini alikuwa anaukanyagia. Alipanda tawi akiutumia kama mingine, akichechemea kidogo.

"Haijawa sawa," akasema Ajiambo. "Lakini inatembea."

Nililia pale, mwanangu, kijana mzima, mbele ya mtoto wa miaka minne. Ajiambo akacheka, akanipa kona ya leso. Tangu siku ile akaniita Mguu Mdogo, na mpaka leo, yeye bibi kizee na mimi babu, akinipigia simu husema, "Mguu Mdogo, umekula?" Majirani wanadhani ni kwa sababu ya goti.

Akiru yule aliyekalia sanduku sasa ni mwalimu Tororo, anafundisha habari za viumbe. Ndiye aliyenieleza mengine. Kwamba kijiti hamuui ng'ombe, si kwa sumu wala kwa uchawi. Kwamba kuna vijiti majike wanaotaga mayai na kuangua bila dume kuwagusa. Hapo nilimwambia anyamaze, mimi ni mtu wa kanisa. Lakini neno moja alilonieleza sikulicheka. Alisema mguu huota tena kwa kijiti mchanga tu, yule ambaye bado anajivua ngozi. Akishakomaa, akavua ngozi yake ya mwisho, mguu ukitoka umetoka. Atabaki na mitano mpaka afe.

Mwanangu, hili ndilo nililokuitia. Sijui umemficha nani jambo, wala sitakuuliza. Pengine hujamficha mtu, na nimekuchosha bure. Lakini kama kuna mtu anabeba mzigo wako mahali fulani, na wewe umeegemea nguzo unayumba na upepo, nenda kaseme. Usingoje upate ujasiri, mimi sikuupata. Usingoje ukamatwe. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huo utamjengea mwenzio kati yake na watoto wake. Utapoteza kitu, sikudanganyi. Mimi nilipoteza baiskeli, na baba hakunitazama vizuri mwaka mzima. Lakini sema sasa, ungali mchanga, ungali unajivua ngozi. Wako wazee wa rika langu ninaowajua, walinyamaza ujana wao wote, na leo wanataka kusema. Aliyeonewa yuko kaburini, na mguu hauoti.

Na siku utakapokuwa wewe ndiye uliyeonewa, mtu akija na mguu wake mdogo wa kuchekesha, usimwambie haulingani na mingine. Mwache aukanyagie.

Mungu akupe mdomo mwepesi kwa ukweli na mzito kwa lawama. Akupe nyanya mwenye pua, na shemeji mwenye subira. Mifugo yako isikose dawa, watoto wako wasikalie sanduku wasilojua linakwenda wapi. Nenda salama, mwanangu, na ukipita nyuma ya jiko, angalia mpera kabla hujashika tawi.